Picha ya Binti Yangu Ilitoka kwa Kibanda Changu

Admin, jina langu libaki kwako tu, na majina ya hawa watoto nimeyabadilisha. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, nalea binti mmoja peke yangu, na nina kibanda hapa Dagoretti Corner ambapo nawawekea watu nyimbo kwa simu. Unaniachia memori kadi, unaenda kununua sukuma wiki, ukirudi unapata nyimbo zako ziko tayari. Mimi ni mtu wa mdomo, siwafichi, na majirani wangu wananijua hivyo. Kwa hivyo mkinisoma msifikirie ni mtu mpole ameonewa.

Binti yangu tumuite Shiru, ako na miaka kumi na sita. Muhula uliopita alijipiga picha kwa simu, picha ambayo sitaieleza hapa, akamtumia kijana waliyekuwa wanapendana. Huyo tumuite Kevo, ako na kumi na saba, ni wa ploti ya pili kutoka kwetu. Kabla mwezi uishe hiyo picha ilikuwa imefika mpaka shuleni kwao. Watu wanarushiana kwa Bluetooth wakicheka. Shiru aliacha kwenda shule, akawa anakula akiwa ameangalia ukuta.

Nilichemka. Nilienda hadi kwa mama Kevo, ambaye anafanya kazi ya nyumba huko Karen na alikuwa ndio ameingia, hata mkoba hajaweka chini, nikamtukana ploti nzima ikisikia. Kevo akatoka akasema, "Mama Shiru, naapa sijaonyesha mtu. Hata beshte yangu hajui niko nayo." Nikamzaba kofi. Kwa mkutano wa wazazi nilisimama nikasema mtoto akifanya mambo ya watu wazima, afungwe kama watu wazima. Wazazi walinishangilia sana, na nilijisikia vizuri.

Nilipoenda polisi kumshtaki Kevo, afisa wa kike aliyenihudumia kituoni alijaribu kunituliza. Aliniambia, "Mama, fikiria tena. Sheria tuliyo nayo inajua picha chafu tu, haijui watoto waliopendana wakakosea. Nikiandika hii, huyo kijana ana kesi, na msichana wako aliyejipiga picha anaweza kuwa nayo pia. Si mkae chini wazazi mwongee?" Nikamwambia aandike, hayo mengine tutaonana nayo mbele. Sasa Kevo yuko rimandi ya watoto na mtihani wa Form Four umekaribia.

Alhamisi iliyopita, fundi mmoja wa viti wa hapo Ngong Road alikuja kwa kibanda amekasirika. "Mama, hizi nyimbo uliniwekea zilikuja na picha mbaya. Bibi yangu ameiona, ananiuliza huyu mtoto ni wa nani. Nitolee hii kitu." Akanipa simu. Nikaona ni Shiru wangu. Yule mzee hamjui binti yangu, alikuwa tu anangoja nifute aende.

Wacha niwaeleze vile mimi hufanya kazi. Kuchagua wimbo mmoja mmoja ni kupoteza wakati, kwa hivyo kadi ya mteja ikiingia naimwaga yote kwa kompyuta, ili nyimbo mpya zake ziwe zangu pia. Mteja mwingine akitaka kadi ijae, namwekea fungu zima, nyimbo pamoja na zile picha za maua na magari ambazo watu hupenda kuweka kwa skrini. Siangalii. Kwa hii kazi karibu sisi wote tunafanya hivyo. Na Kevo aliniletea kadi yake muhula huo huo. Nikamwekea bure kwa sababu ni mtoto wa jirani. Nafikiri hata yeye hakujua simu yake ilikuwa inahifadhi picha kwa kadi.

Nilifunga kibanda saa nne asubuhi nikaanza kutafuta kwa kompyuta. Nikaipata, katikati ya picha ya mlima na ya gari nyekundu. Sijui nimeiwekea watu wangapi.

Tangu hiyo siku siwezi kukaa kitako. Nikipika chakula kinaungua. Naenda mpaka mlango wa mama Kevo, nainua mkono nibishe, narudi. Nilimwambia dada yangu peke yake, akasema, "Futa, unyamaze. Wewe ukiingia ndani, Shiru atabaki na nani?" Sijafuta. Nikifuta, kitu pekee cha kumtoa Kevo kimeisha. Nikiacha, mimi ndiye mtu mzima aliyesambaza picha ya mtoto, na ile sheria niliyokuwa naililia mbele ya wazazi itanishika mimi kwanza. Eti sikuangalia. Nani ataniamini, na mimi Kevo sikumwamini?

Jana tulikuwa tunachambua mboga na Shiru, ndio ameanza kuongea kidogo. Akaniambia, bila hata kuinua macho, "Mama, nikitoka nje kila mtu namuangalia najiuliza, huyu ameitumia wangapi? Ni wewe tu ndio sijiulizi." Nikaendelea kuchambua mboga.

Jumanne tunaitwa kortini na mimi ndiye shahidi. Najua Kevo lazima atoke, hiyo msinifundishe, na matusi mnaweza kunitukana, nimezoea kuyatoa. Ninachowauliza nyinyi wazazi ni kimoja: kabla nisimame mbele ya hakimu, huyu Shiru wangu nitamwambiaje kwamba ni mimi?