Siku Niliyomwita Bosi Mvivu Mbele ya Chifu

Hii aibu niliificha miaka mingi, mpaka juzi Dahabo akaisimulia kwa arusi mbele ya wakwe zangu, kwa hivyo wacha niiseme mwenyewe kabla haijaongezwa chumvi (na Dahabo, walahi, chumvi anayo ya kutosha).

Ilikuwa miaka ya themanini ikielekea kuisha. Nimetoka Nairobi na cheti cha kompyuta, nimeajiriwa kwa mradi wa mifugo pale Isiolo, na nimeshatangaza mtaa wetu wote wa Kiwanjani kwamba Jama sasa ni mtu wa mashine. Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha mabati, feni moja, kompyuta moja, na sisi watu watatu. Bosi wetu, Bwana Mwirigi, aliandika sehemu kuu ya programu, ile inayoziita sehemu zingine zote, baada ya kozi ya wiki sita, na aliipenda kuliko gari lake. Dahabo, msichana wa Sericho asiye na maneno mengi, aliandika sehemu ya kupanga majina. Mimi niliandika ya kusoma ng'ombe kutoka disketi na kuwaonyesha kwa skrini.

Kazi yenyewe ilikuwa kutoa orodha ya wafugaji ambao ng'ombe wao watachanjwa. Shida, ukiianzisha baada ya chai ya asubuhi, inamaliza watu wakitoka kuswali adhuhuri. Ofisi kubwa ikaandika barua: Alhamisi mkaguzi anakuja, na akikuta mwendo ni ule ule, kompyuta inatiwa kwa boksi inapelekwa wilaya nyingine, na mimi na Dahabo tunaenda nyumbani. Nilisoma hiyo barua mara tatu nikaona nikirudi Kiwanjani na cheti changu kwapani, watu wakiniuliza mashine iko wapi.

Sasa nisikilize hapa, si ngumu. Programu yetu haikuongea na chuma moja kwa moja, ndani kulikuwa na mashine nyingine ya kuwaziwa tu, iliyotengenezwa kwa maagizo matupu, na hiyo ndiyo ilisoma programu yetu neno kwa neno. Kila sehemu ikiitwa, inaweka, tuseme, karatasi yake kwa rundo, ikimaliza karatasi inaondolewa, kwa hivyo ile iliyowekwa mwisho ndiyo ya anayefanya kazi sasa hivi, wengine wote wanamngoja. Nikaandika kaprogramu ka kupeleleza: mara kwa mara kanasimamisha kazi, kanachungulia karatasi ya mwisho ni ya nani, kanaweka alama. Mwenye alama nyingi ndiye anakula wakati. (Niliona akili yangu imepita mipaka, mpaka nilitembea tofauti.)

Dahabo akaniambia, "Jama, jaribu kwanza na programu ndogo, mahali tunajua mchelewaji ni nani." Nikamjibu hakuna haja, tutaona Alhamisi mbele ya watu. Hapo tu ndipo nilipojimaliza.

Alhamisi nikamwalika hata baba yangu, mzee wa malori, akaja na kofia mpya. Chifu akaja, na wafanyabiashara wawili wa ng'ombe ambao nadhani walifuata chai ya maziwa ya ngamia. Mkaguzi akakaa mbele na daftari. Nikaachia mpelelezi wangu dakika kumi, printa ikalia, nikasoma kwa sauti kubwa: alama zote, mia kwa mia, ni za sehemu kuu, na sehemu zingine hazina hata moja.

"Mvivu amepatikana," nikasema.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na furaha mpaka akasimama. "Na huyo mvivu ni nani? Ako hapa?"

Nami, bila kufikiri, nikanyoosha kidole kwa Bwana Mwirigi. Alikuwa amejaza mdomo chai na hakuimeza. Mkaguzi akaandika kitu kwa daftari, na kilikuwa kirefu.

Dahabo hakuwa mtu wa kusema mbele ya wageni, lakini aliona kazi yetu ikiandikwa imekwisha. Akasema polepole, "Jama, kwetu Sericho kisima kikiwa kirefu watu wanasimama kwa ngazi wakipokezana ndoo. Maji yakichelewa, utauliza nani?"

"Yule wa chini kabisa. Si yeye ndiye anachota?"

"Basi hii mashine inapanga karatasi zake kwenda chini. Umehesabu yule amesimama juu anangoja ndoo."

Wale wafanyabiashara walicheka kabla mimi sijaelewa, kwa sababu wao visima wanavijua na mimi mtoto wa mjini maji nayajua ya mfereji. Kumbe niliwachungulia kutoka upande mbaya, na karatasi ya bosi ilikuwa pale tangu mwanzo kwa sababu yeye ndiye aliita wote. Nikabadilisha herufi moja tu ya kaprogramu, kachungulie upande wa chini, jasho likidondokea kibodi, nikarudia dakika kumi. Nilikuwa naomba mchelewaji awe Dahabo, nisiwaongopee.

Printa ikatoa jina la sehemu niliyoandika mimi. Kila ng'ombe mmoja akisomwa, inafuta skrini yote, inachora nyota pembe nne, na katikati inaandika IMETENGENEZWA NA JAMA. Wote walikuwa wanaiona kila siku, hakuna aliyefikiri jina linaweza kula asubuhi nzima.

"Imeandikwa nini hapo?" baba akauliza, akionyesha skrini.

"Jina la mtoto wako, Mzee," Chifu akamjibu, na hapo kile chumba cha mabati kikashindwa kuzuia kicheko, hata Bwana Mwirigi, chai ikamtoka kwa pua.

Nikazitoa zile nyota na jina langu mbele yao, nikaanzisha orodha upya, na ikaisha kabla birika la pili halijachemka. Mkaguzi akasema mashine itabaki Isiolo. Kisha akafungua daftari tena, akamuuliza bosi aandike nini kuhusu huyu kijana aliyemnyooshea kidole.

Bwana Mwirigi alijipangusa pua, akanitazama, akamtazama Dahabo. "Andika tunawahitaji wote wawili," akasema. "Huyu wa kuharibu, na huyu wa kutengeneza."

Niliapa siku hiyo, na sijavunja: nikitafuta mchelewaji, wa kwanza kupimwa ni mimi, na jina langu siliweki popote ila kwa kitambulisho.