Batri Inayolala Nyumbani

Jumanne, tarehe 11 mwezi wa tatu. Mvua ndogo tangu asubuhi, barabara ya Lusangi ni matope.

Mununuzi wa Bukavu hatachukua gari langu mpaka kompyuta ya moteri ionyeshe kwamba imemaliza kujipima moshi. Bila hiyo, anasema, kontroli ya magari ya kule italikataa. Leo fundi wangu alichomeka tena kamashine kake ka kusoma kompyuta hiyo.

"Haiko tayari, mzee. Kila siku inaanza upya kama mutoto wa mwaka wa kwanza. Ikikosa umeme inasahau yote. Munaikatia?"

"Hapana," nikajibu. Moyoni nilimshuku yeye.

Nyumbani nilikaa, nikasimama, nikazunguka uani. Jioni mke wangu akafungua kapo ya gari, akatoa batri, kama kila siku, tupate taa na kuchaji simu.

"Baba watoto, unaniangalia hivyo kwa nini? Leo hutaki mwanga?"

Kumbe umeme tunaukata sisi wenyewe. Nimlaumu vipi? Kwa taa ile ndiyo mimi huandika. Nikairudisha batri garini. Itakaa humo siku kadhaa mpaka kompyuta imalize kujipima, na sijui kama mununuzi atangoja. Tumekula bugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa Nyangwe kwa mwanga wa makaa, tukipapasa miiba kwa vidole.