Siku Tuliyojaza Soko

Mbuzi akikohoa, mimi husimama. Hata kama nakula, naweka kijiko chini nisikilize kama atarudia. Akikohoa mara moja ni vumbi. Akirudia, chakula changu kimeishia hapo.

Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo usitarajie nipange maneno kama mwalimu. Nitaenda nikirudi. Lakini hili jambo nimeliweka tumboni muda mrefu, na wenye walikuwepo sasa wanalisimulia vingine.

Mimi ni wa upande wa Makueni, chini kabisa, pale mto Athi unapopita. Ng'ambo ni Kitui. Kiangazi unavuka viatu vikiwa mkononi. Mvua ikinyesha huko juu, mto unageuka rangi ya chai na hakuna mtu anauchezea, maana mamba nao wanapenda maji mengi. Binti yangu aliolewa ng'ambo hiyo. Mke wangu ni wa Kikima, kwenye baridi na sukumawiki, na mpaka leo hajanisamehe kumleta kwenye joto. Hiyo ni hadithi nyingine.

Kuna soko letu na kuna soko lao. Letu lilikuwa Jumanne, lao Ijumaa. Ndivyo tulivyowakuta wazee wamepanga. Mama wa maembe aliuza kwetu, akapumzika, akauza kwao. Tulitukanana, ndiyo, lakini kwa kucheka. Sisi tuliwaita watu wa makaa, wao wakatuita watu wa maembe mabichi.

Halafu likaja neno la mnada. Kwamba utajengwa mnada wa kisasa wa mifugo: uwanja wa saruji, mizani, kichinjio, maji ya bomba, na lami mpaka langoni. Lakini ni mmoja tu, upande mmoja wa mto. Na wageni kutoka Nairobi watakuja waangalie wenyewe ni wapi wanyama ni wengi.

Hapo ndipo kucheka kuliisha. Wenzetu wa ng'ambo walihamisha soko lao kutoka Ijumaa hadi Jumanne, siku yetu, ili watu wachague. Mama wa maembe alilia kama amefiwa. Kanisa letu lina tawi huku na tawi kule, na Jumapili moja pasta wetu alitufungisha tuombee mnada. Binti yangu akanipigia simu akasema, "Baba, hata sisi tumefungishwa." Nilicheka, lakini usingizi wangu haukuwa mzuri tena. Niliwahi kuona soko likifa, kando ya barabara ya Mombasa, malori yalipoacha kusimama. Kwanza hufungwa hoteli, halafu kinyozi, halafu unaona milango ina kufuli zenye kutu. Vijana walikuwa wakisema Malili kunajengwa mji wa kompyuta, na sisi je, tutabaki na nini? Na niseme ukweli, nilikuwa na ploti ndogo pale sokoni. Nilitaka lami ifike mlangoni kwangu mimi.

Sasa mbuzi.

Mwaka huo Kitui ilikauka kabla yetu. Baba mkwe wa binti yangu, huyo ni muthoni wangu, mtu wa kuheshimiwa kuliko ndugu, alivusha mbuzi zake kumi na mbili akaja kuniwekea, maana mimi nina majani kando ya mto. Kwetu mtu akikuwekea mbuzi, unakunywa maziwa, na akizaa sana unaweza kupewa mtoto mmoja. Lakini humuuzi, humchinji, humpeleki mahali bila mwenyewe kujua. Alizishika moja moja masikio akinionyesha, akasema, "Muthoni, hizi ni za kijana wangu wa mwisho. Ndizo mahari, zitaenda kwa kina msichana. Usizichanganye na za watu."

Nikamwambia, "Lala salama, muthoni."

Siku moja kabla ya wageni, mwenyekiti wa soko letu akaja kwangu na bodaboda. Hata hakushuka.

"Mzee, kesho leta mbuzi zote."

"Zangu ni tano."

"Na hizo zingine naona hapo?"

"Hizo nimewekewa."

"Kwani unauza? Zinaonekana tu, zinarudi. Mzee, unataka wale watu wa makaa watucheke?"

Mke wangu alingoja vumbi la pikipiki litulie. "Baba watoto, utapeleka mbuzi za muthoni sokoni?"

"Kabla ya saa nane wamerudi."

"Sikuulizi saa ngapi. Nimeuliza utapeleka?"

Nikaenda kutafuta kamba.

Hiyo Jumanne soko letu lilijaa kuliko Krismasi. Kila mtu alileta chake na cha shemeji yake. Walitoka hata vilimani huko, wengine kwa malori. Mbuzi walibanana mpaka huwezi kupitisha mguu. Nilisimama na wangu kumi na saba nikajiona mtu mkubwa.

Ndipo nikamwona. Beberu mweusi, si wetu, ametokea sijui wapi. Amesimama miguu ikiwa mbali mbali, shingo ameinyoosha mbele kama anataka kumeza kitu kikamkwama, na makamasi puani. Akakohoa. Hakukohoa vumbi. Nimechunga mbuzi tangu nikiwa mtoto, najua homa ya mapafu nikiisikia. Alikuwa hatua tatu kutoka kwa mbuzi za muthoni.

Jirani yangu naye alimwona. Tukatazamana. Mtu mmoja tu angepiga kelele, daktari wa mifugo alikuwa pale pale na wageni, angefunga soko hiyo dakika. Na wageni walikuwa wanashuka garini, wakienda ng'ambo baada ya sisi. Jirani akageuza uso. Mimi nikafanya nini? Nikavuta mbuzi zangu kidogo pembeni, hatua mbili hivi, kama mtu anayejisogeza kwenye benchi la kanisa. Hakukuwa na nafasi zaidi. Wageni wakapita, wakapiga picha, mwenyekiti akacheka meno yote nje. Mimi pia nilicheka. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma.

Kuanzia hapo niliingia kwenye woga ambao sijawahi kuuona. Ugonjwa huo hauji kesho yake. Unakaa, unakuacha udhani umepona. Kila asubuhi nilifungua zizi nikimwangalia mmoja mmoja puani. Nilishika masikio nione kama ni moto. Mke wangu alinitazama akiwa mlangoni, naye alijua. Siku ya tano, salama. Siku ya nane, salama, nikaanza kuimba. Siku ya kumi na moja yule wa kahawia wa muthoni hakuinuka kufuata wenzake. Nikapiga mluzi. Akanyoosha shingo.

Daktari alikuja akachoma sindano, akasema nimechelewa. Soko letu lilifungwa, la ng'ambo likafungwa, kumbe hata wao walijaza hivyo hivyo. Ikatangazwa hakuna mbuzi kuvuka mto. Za muthoni walikufa wanane. Zangu wawili tu, na hilo liliniaibisha zaidi, kwa sababu nani ataamini?

Muthoni alipiga simu katikati ya hayo. "Habari ya wagonjwa wangu?" Hivyo ndivyo alivyokuwa akizitania, kwa sababu ya njaa waliyotoka nayo. Nikasema, "Wako sawa, wananenepa."

Wiki iliyofuata akavuka mwenyewe, fimbo mkononi, bila kutuma neno. Mke wangu alimwona kutoka mbali akaniambia, "Leo usimdanganye." Tukamkaribisha. Muthoni humwachi na njaa wala humkimbizi zizini. Tulimpa kiti, tukampa uji, tukaulizana habari za watoto, za mvua, za kanisa. Nilijibu yote vizuri, nikitamani maswali yasiishe. Alikuwa amekaa akilitazama zizi. Wanne wake walikuwa wamelala kivulini, mbavu zinapanda na kushuka.

Akaweka kikombe chini.

"Wengine wako malishoni?"

"Muthoni, wamekufa."

Akauliza polepole, "Uliwapeleka sokoni siku ya wageni?"

"Niliwapeleka."

"Na aliyekuwa mgonjwa, ulimwona?"

Ningeweza kusema hapana. Jirani yangu amesema hapana mpaka leo, na watu wanamwamini. Nikaangalia miguu yangu. "Nilimwona. Nikanyamaza ili tupate mnada."

Akasimama. Nilidhani atanipiga na ile fimbo, na kwa kweli ningefurahi. Akaenda zizini, akawainamia wale wanne, akawashika masikio tena moja moja. "Siwezi kuwavusha," akasema, kama anayeongea nao. "Nitaua za watu." Akaniaga kwa heshima zote za muthoni, na hiyo heshima iliniogopesha kuliko kelele.

Mnada haukujengwa kwetu wala kwao. Wageni hawajarudi. Soko zote mbili zilifunguliwa tena, bado zote Jumanne, bado tunanyang'anyana watu.

Harusi ya kijana imeahirishwa. Kina msichana wanauliza kama ile ni boma ya watu maskini. Na juzi nimejua muthoni amewaambia nini nyumbani kwake: kwamba ukame ulimaliza mbuzi. Amenifunika. Amebeba uongo wangu, yeye mzee wa kanisa, mbele ya watoto wake, ili binti yangu asitazamwe vibaya akiwapikia. Lakini uongo wa mtu mwingine utaubeba siku ngapi? Jirani anajua, mwenyekiti anajua, na mto siku hizi ni maji ya kifundo cha mguu, watu wanavuka na maneno yao.

Jana binti yangu alikuja kutuona. Alikaa jikoni na mama yake, akatoka, akasimama karibu na zizi kwa muda. Akaniuliza, "Baba, huku kwenu si kulikuwa na majani? Sasa mbuzi walikufa na nini?"

Nilimwambia ngoja kwanza nifunge lango. Ameondoka asubuhi hii. Sijamjibu.