Mikoba Iliyonadiwa Kanisani

Hasira za Teresa hazikuanza siku ya harambee, msije mkamsingizia. Zilianza mwaka wa tisini na saba, vurugu za Likoni zilipowafukuza watalii. Hoteli ya Diani aliyokuwa akifulia mashuka ikafungwa, na mumewe Tobias, weita wa hoteli hiyo hiyo, akabaki kufunga tai kila asubuhi bila pa kwenda. Tai hailiwi.

Aliyemwokoa ni mgeni wake wa zamani wa hotelini, mama mmoja wa Kijerumani, aliyeipiga picha mikoba ya miyaa, majani ya mkoma, iliyosukwa Kikoneni akaiweka kwenye tovuti. Wateja wa Ulaya wakaichagua kwenye kompyuta na kulipa kwanza, naye Teresa akawa anazisoma oda zao pale Ukunda, katika ofisi ya barua pepe iliyotoza kila ukurasa uliochapwa. Watu waliposikia biashara ya kompyuta wakadhani mama anaogelea kwenye pesa. Pesa zipi? Sidi, msukaji wake wa Kikoneni, alitaka nusu kabla hajaanza kusuka, na hiyo ilikuwa haki yake. Kilichobaki kililiwa na posta. Kwa hiyo Teresa alijiwekea sheria moja: pesa ya stempu haiguswi, hata watu walale na njaa. Aliifunga kwenye pindo la leso akawa anatembea nayo.

Novemba ya tisini na tisa maji yalimfika shingoni. Mzigo uliotangulia ulichelewa, wateja wakalalamika, na yule mama akaandika kwamba huu nao usipofika kabla ya Krismasi, kila mtu arudishiwe pesa zake na duka lifungwe. Warudishiwe kwa kipi? Pesa zilikuwa zimeshapita kwa Sidi.

Jumapili moja Teresa akaenda Kikoneni kuchukua mkoba wa mwisho. Aliporudi, alikuta chumba alichoiweka mikoba mingine kitupu. Jirani akamwambia Tobias ameichukua mikoba yote, kaipeleka kanisani kwenye harambee ya mabati.

Ebo! Mwanamume hana hata nauli, lakini lazima jina lake lisikike kwenye kipaza sauti. Teresa akaenda vivyo hivyo, vumbi la safari miguuni.

Aliikuta mikoba mezani, imepangwa kati ya jogoo na maboga, mzee Nzai anainadi. Tobias kakaa mbele na tai yake, anatabasamu kama bwana harusi. Teresa akainua mkono kumzuia mzee. Nzai, ambaye siku ile kazi yake ilikuwa kutafuta mikono iliyoinuliwa, akatangaza kwamba Mama Quincy, kama walivyomwita Teresa kwa jina la mwanawe, ameongeza dau. Vigelegele vikapigwa, na mgeni wa heshima akataja dau la juu zaidi.

Macho yote yakamgeukia. Akiongeza, ataikomboa mikoba na kubaki bila stempu. Akinyamaza, atabaki na stempu bila mikoba. Mali yake mwenyewe, jamani! Akamwendea mumewe pale alipokaa, akamnong'oneza amweleze mzee ukweli. Tobias akamjibu bila kugeuka kwamba asimwaibishe mbele za watu, wazungu watangoja.

Basi hapo uvumilivu ukaisha. Teresa akaenda mpaka mezani, na kwa kuwa hasira si ukosefu wa adabu, akaanza kwa salamu.

"Shikamoo, mzee Nzai. Mikoba hii imeshauzwa. Wenyewe wako Ulaya, na pesa yao tumeshaila."

Nzai akaitikia marahaba, kisha akamkumbusha kwa upole kwamba kutoa ni moyo, na kilichotolewa kwa Mungu hakirudishwi. Kutoa ni moyo, naam, lakini cha mtu? Teresa hakubishana. Alianza kuitia mikoba begani mmoja mmoja, mbele ya kanisa zima. Alipofikia wa mwisho, Nzai akauinua mwenyewe akampa.

Ndipo Tobias akakurupuka kuja kumsaidia kubeba, uso umemshuka.

"Wewe kaa," Teresa akamwambia, na kipaza sauti kikayapeleka maneno hayo mpaka barabarani. "Uliahidi kutoa, na bado hujatoa. Panda hapo mezani unadiwe."

Akatoka na mikoba yake, fundo la leso likiwa bado limefungwa. Nyuma yake hakumsikia mtu yeyote akitaja dau.