Fimbo ya Mzee Barasa

Juzi nikishuka basi huku ughaibuni, Northfield, nilimwona mzee Mzungu mwenye nishani kwenye koti, akigonga lami kwa fimbo kabla ya kukanyaga. Mjukuu wangu Neema akaniuliza kwa Kiingereza kama ni kipofu. Mimi nikamkumbuka Mzee Barasa.

Nilikuwa mtoto alasiri tulipofika kwenye skimu mpya, mashamba tuliyogawiwa tuhamie, sisi na kina Nafula na kina Wanyonyi. Nyasi zilinipita kimo, zikinuka jua. Mto tuliusikia ng'ambo ya nyasi, na koo zilikuwa zimekauka. Mzee Barasa, aliyerudi kutoka vita vya Burma, akatukataza kusonga. Akatangulia peke yake akigonga ardhi, tup, tup.

"Barasa, umepoteza sufuria huko?" mama akamtania. "Watoto wana kiu."

"Ngoja, shemeji."

Mimi nilidhani anajichagulia shamba zuri. Hata walipomfanya diwani baadaye, nilidhani udiwani ndiyo kazi hiyo, kuwagongea watu ardhi kwa fimbo.

Siku hizi najua. Huko Burma, rafiki yake Musumba alikanyaga bomu lililofukiwa, hatua chache mbele yake. Kwenye skimu hapakuwa na bomu, bwana. Palikuwa na mashimo ya fuko tu.

Aliporudi, shati lilikuwa limelowa jasho na fimbo ameikaba kwa mikono miwili. "Haya, njooni. Kanyageni nilipokanyaga."

Mama akaitazama ile mikono, akaacha utani. Akanishika, tukafuata alama za viatu vyake, moja moja, mpaka mtoni.