Boliti Sita za Gari Lisilo na Klachi

Sifa yangu ilikuwa kukaza. Ufundi niliupata kwenye malori ya mashamba ya mkonge, na huko desturi ilikuwa moja: ukishafunga boliti, chomeka kipande cha bomba kwenye mkia wa spana, kisha vuta mpaka boliti ilie. Isipolia hujakaza. Wala hatukutupa boliti. Tuliziosha kwa mafuta ya taa tukazirudisha, mwaka hadi mwaka. Kutupa chuma kizima ni israfu, na mtu angekuambia hivyo usoni. Basi nilipohamia mjini Tanga, kwenye gereji ya fundi mkubwa kule Makorora, nilijiona mimi ndiye mimi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Tulikuwa na mteja mmoja wa Kigombe, mzee wa asili ya Omani, mwenye mashamba ya minazi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekatwa juu ya goti. Kwa miaka alipakiwa na kushushwa kama gunia, maneno yake mwenyewe hayo, mpaka jamaa zake wakamwagizia gari la Kimarekani lenye giaboksi ya otomatiki. Klachi hamna. Mguu mmoja wa kulia unatosha. Tangu hapo akawa anajiendesha mwenyewe Kigombe hadi Tanga, kofia imekaa upande, na ole wake atakayejitia kumsaidia.

Tulipoifungua giaboksi ile mara ya kwanza, wallahi nilikaa chini. Mimi nilizoea gia za lori, meno makubwa ya kueleweka. Hii ndani yake ilikuwa na bamba la chuma lililochimbwa vijia vyembamba, vinapinda, vinaachana, vinakutana tena, kama njia za mchwa ndani ya ubao. Humo inapita oili, na hiyo oili ndiyo inayoamua: sasa gia ya pili, sasa ya tatu. Oili! Hakuna mkono wa mtu. Nikasema, "Subhanallah." Fundi mkubwa, mtu wa maneno machache, akaniambia, "Sema tena." Nikasema tena. Siku hiyo, alipokwenda kuswali, mimi ndiye niliyefunga zile boliti sita zinazoshika sahani inayozungushwa na injini. Nilizifunga kwa bomba langu. Zililia zote.

Mwaka uliofuata gari likaanza kuvuja oili, tukalishusha tena. Fundi mkubwa akazichukua zile boliti sita, akazibiringisha vidoleni moja moja.

"Hizi hazirudi," akasema. "Tuagize mpya Mombasa."

"Mbona nzima, fundi?"

"Hazirudi." Akaagiza, kisha akaenda zake Ushongo, alikofiwa na shangazi yake.

Mzee alikuwa amefikia kwa ndugu zake mjini. Kila asubuhi alikuja na gongo lake kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Limeamka?"

"Bado, mzee."

Siku ya tatu alikuja kwa teksi. Watu wawili wakamshusha kwa kumshika makwapa, na wanywaji kahawa wa ng'ambo ya barabara wakageuka kutazama. Mzee akawa anatazama chini. Roho iliniuma, sisemi uongo. Nikamwambia, "Njoo baada ya adhuhuri, mzee. Utaondoka unaendesha mwenyewe." Alipokwenda nikaziosha boliti zile zile. Ziling'aa kama zimetoka dukani leo. Nikazirudisha, nikavuta bomba, nikaipandisha giaboksi na kutia oili. Sijui nilikuwa namwonea huruma yeye au nilikuwa najionyesha. Yote mawili, nadhani.

Mzee alirudi saa nane, amevaa kanzu safi. Alikuwa ameshaushika mlango wa gari wakati fundi mkubwa alipoingia na kifurushi chake cha safari.

"Boliti zimefika?" akaniuliza.

"Hazijafika. Nimerudisha zile. Nzima, fundi, kuzitupa ni israfu."

Nilingoja anitukane. Badala yake alivua kanzu yake, akaingia chini ya gari, akafungua kifuniko kidogo, akatoka na boliti moja. Kisha akatoa kwenye droo boliti mpya ya aina ile ile, moja tu aliyoiweka kama kielelezo. Akazilaza pamoja, meno ndani ya meno, akaziinua kwenye mwanga wa mlango. "Tazama."

Nikatazama. Juu meno yaliumana vizuri. Katikati yakaanza kupishana, na mwanga ukapita. Chuma kilikuwa kimevutika! Mkono wangu huu, na kipande cha bomba, ulikuwa umevuta chuma kama ulimbo. Akaibana boliti ya zamani kwenye jiliwa, akaizungusha kwa spana tupu, polepole, bila bomba. Kichwa kikakatika, kikaanguka sakafuni.

Mzee akainama kwenye gongo lake, akakiokota.

"Boliti ya mashine yangu ya kukamua mafuta ya nazi ilikuwa hivi hivi," akasema. "Nilimwuliza fundi, tubadilishe? Akaniambia, nzima hiyo, kuitupa ni israfu. Gurudumu lilichomoka siku ya pili, likanikuta nimesimama."

Damu ilinichemka. Ndivyo nilivyokuwa, wa kwanza kuhukumu. "Lahaula! Fundi gani huyo asiye na haya?"

Mzee alikuwa anamtazama fundi mkubwa.

"Ni mimi," akasema fundi mkubwa.

Yule mtu alikuwa amesimama mbele ya mguu uliokatika kwa neno lake, na mwenye mguu amemletea gari lake, si mara moja.

Mzee akamrudishia kichwa cha boliti mkononi. "Huyu hatarudisha tena boliti iliyovutika. Gari langu halishikwi na fundi mwingine," akaniambia mimi, si yeye. "Zikifika hizo mpya, niiteni." Kisha akanyoosha mkono, na fundi mkubwa akaja kumpa bega. Wakatoka hivyo mpaka kwenye teksi, mbele ya wanywaji kahawa wote, na safari hii mzee hakutazama chini.

Nikachukua spana, nikaingia chini ya gari kutoa zile tano zilizobaki. Bomba nililiacha ukutani.