Dereva Aliyebaki Ukunda

Mwanangu aliporudi nyumbani kwangu Msambweni kwa hasira, hakuja na nguo nyingi. Alikuja na kompyuta. Wenzake wakigombana na waume zao hubeba watoto. Wangu alibeba skrini, akaipakata njia nzima kutoka Ukunda kama aliyejifungua jana.

Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu. Yeye na mumewe waliinunua wakati hoteli moja ya Diani ilipouza vyombo vyake, wageni walipokatika. Mke alitaka kuchapia watu kadi za harusi. Mume, karani wa mapokezi, msomi, alikuwa na kazi nzito zaidi ya kuifanyia: kucheza karata peke yake. Wakavutana, wakatupiana maneno, binti akaondoka. Mume akaapa hatamfuata. Mke akaapa harudi mpaka afuatwe. Nami nikawa na wageni wawili, mmoja anakula wali, mwingine anakula umeme. Nikaifumia mashine kitambaa cheupe, maana sipendi kitu kikae uchi ukumbini kwangu.

Haikupita muda ikaanza kukwama. Akaitwa fundi, mtu wa bara, aliyeniita mathe kabla hata ya kunisalimu. Akaifuta yote, akaipanga upya, akaenda zake. Tulipoiwasha, maandishi yalikuwa makubwa kama ya kibao cha duka, na maua ya kadi, yaliyokuwa ya waridi, yamekuwa kijani kama mchicha. Na kuna bibi harusi wa kule Waa alikuwa akizingoja kadi hizo. Fundi akarudishwa, akakuna kichwa, akasema kompyuta haina dereva.

Mimi shule yangu ni ya ngumbaru, lakini dereva namjua. Nikauliza atalala wapi. Wakacheka sana, wasomi hawa. Kisha fundi akanieleza kwamba dereva ni maelekezo yanayoifundisha mashine kuchora rangi, na kwa mashine ya zamani vile hayaokotwi ovyo. Yamo kwenye disketi iliyokuja nayo. Nikamtazama binti yangu. Akatazama sakafu. Disketi ilikuwa Ukunda, kwenye mtoto wa meza ya mumewe.

“Umechukua gari, dereva umemwacha kwake,” nikamwambia.

Hakucheka tena.

Nikampelekea mkwe wangu salamu: haitwi kwa mambo ya ndoa, asije akajiona, inatakiwa disketi tu. Akafika kesho yake mapema, shati limepigwa pasi, amejipaka manukato. Kwa ajili ya disketi.

Kwetu mkwe hakai uso kwa uso na mama mkwe. Baada ya shikamoo ya mlangoni nikaenda uani kukuna nazi, pazia likiwa kati yetu. Pazia huzuia macho; masikio yangu hakuna aliyeyatundikia pazia. Mume akatia disketi, mke akamsomea yaliyoandikwa kwenye skrini kwa sauti ya hakimu. Mashine ikasema haimwoni dereva. Wakaionyesha alipo. Ikataka kuzimwa na kuwashwa. Katika kungoja, mume akamuuliza kama amekula. Akajibiwa kwamba kwao chakula kipo. Skrini ikawaka imejaa mistari, wakaanza upya. Mara hii mume ndiye aliyesoma, mke akabonyeza, na sauti zao zikawa ndogo hata ikanibidi niache kukuna.

Hatimaye nikamsikia binti yangu akisema maua yamerudi rangi yake. Mume akaitoa disketi, akaitia mfukoni. Mke akamwambia aiache, mashine ikiharibika tena ataipata wapi.

“Disketi ni moja,” akasema mume. “Nataka ikae pamoja na kompyuta yake.”

“Kwa hiyo umefuata kompyuta.”

“Nimekufuata wewe. Disketi ningempa mtu ailete.”

“Na karata?”

“Ukishamaliza kadi zako.”

Nikasema kutoka uani kwamba skrini ile ni nzito, anayetaka kuibeba ale kwanza. Walikula, mkwe ukumbini, mimi uani, na binti yangu akipita kati yetu na sahani, mwepesi kama siku ya Idi. Alasiri wakaondoka. Mume alibeba skrini, na mke alishika disketi mkononi kama cheti cha ndoa.

Kitambaa changu walikwenda nacho. Mpaka leo hakijarudi.